Viumbe Vinavyonufaishana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa mara nyingi na wanafunzi, walimu na wakulima wa Uganda wanapofika kwenye somo la viumbe vinavyoishi kwa kutegemeana. Mifano mingi nimeichukua shambani, malishoni na misituni mwetu. Mwanafunzi wa Mbale au Masaka hana haja ya kupelekwa baharini kwa mawazo ili aone samaki na matumbawe, ilhali maharagwe yaliyo nyuma ya nyumba yao yanafanya mapatano ya aina hiyohiyo usiku na mchana.

Uhusiano wa kunufaishana ni nini hasa?

Ni uhusiano wa viumbe vya spishi mbili tofauti ambamo kila upande hupata kitu ambacho peke yake ungekipata kwa shida au usingekipata kabisa. Nyuki hupata chakula katika ua, na ua hupata mchukuzi wa chavua. Tusiuchanganye na uhusiano wa kupe na ng'ombe, ambamo mmoja hula na mwingine huliwa. Tusiuchanganye pia na ule wa yangeyange anayefuata ng'ombe malishoni ili adake panzi wanaorushwa na kwato, kwa kuwa hapo ndege hufaidika na ng'ombe hapungukiwi wala haongezewi. Mjerumani Anton de Bary, aliyeeneza neno la kitaalamu la kuishi pamoja kwa viumbe visivyofanana mwishoni mwa miaka ya 1870, aliyaweka mahusiano yote haya chini ya jina moja, hata yale ya vimelea. Ndiyo maana vitabu vingine humchanganya msomaji: kuishi pamoja ni jambo pana, na kunufaishana ni sehemu yake tu.

Je, viumbe hivi husaidiana kwa wema?

Hapana, na naona hili ndilo kosa linalofundishwa zaidi kuliko mengine yote katika somo hili. Kila upande hulipa gharama. Ua hutumia sukari yake kutengeneza mbochi, yaani ule utamu anaoufuata nyuki, na mharagwe hutoa sehemu ya chakula chake kuwalisha bakteria wa mizizini. Uhusiano hudumu kwa sababu faida huzidi gharama, na hesabu hiyo ikigeuka, uhusiano nao hugeuka. Ziko hata njia za kumwadhibu asiyetimiza sehemu yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, watafiti waliwazuia bakteria wa mizizi ya soya wasipate naitrojeni ya kumpa mwenyeji wao. Vinundu vilivyokuwa na bakteria hao vilipunguziwa hewa ya oksijeni, na bakteria wakazaana kwa kiasi kidogo kuliko wenzao waliokuwa wakilipa. Soya haina macho wala hasira, lakini mwili wake una namna ya kumnyima asiyeleta kitu.

Nasikia maharagwe hurutubisha udongo. Yanafanyaje, na nitajuaje kama yangu yanafanya hivyo?

Takribani asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Bakteria wa kundi la rizobia huweza kuibadilisha ikawa katika hali ambayo mmea unaweza kuila. Huingia kwenye mzizi mchanga, mzizi huwajengea kinundu, na humo ndani mmea huwapa sukari, nao huupa naitrojeni.

Kujua kama kazi inafanyika ni rahisi, na ningependa kila mkulima alifanye jambo hili walau mara moja. Ngoja maharagwe yaanze kutoa maua. Usiung'oe mmea kwa kuuvuta, maana vinundu vitabaki ardhini. Chimba kuuzunguka, uunyanyue na udongo wake, kisha uoshe mizizi taratibu katika beseni la maji. Utaona vijivimbe vidogo kama punje za mtama. Chukua kimoja ukipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wako kazini, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na protini inayofanana na ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza kazi au bakteria waliomo hawafai. Kikiwa cha kijani au cha kahawia, kimezeeka. Jihadhari usidanganywe na uvimbe unaoletwa na minyoo ya mizizi: kinundu cha kweli kimekaa kando ya mzizi na hubanduka kwa kusukumwa kidogo, lakini uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Mambo mawili huwashangaza wakulima. La kwanza, ukiweka mbolea nyingi ya naitrojeni, vinundu hupungua. Nimewahi kuchimba maharagwe ya kijani kibichi cha kupendeza yaliyomwagiwa urea, nikakuta mizizi karibu mitupu, kwani mmea ulioletewa naitrojeni bure hauna sababu ya kulisha bakteria. La pili, bakteria wa maharagwe si lazima wawe wale wa soya. Shamba ambalo halijawahi kupandwa soya mara nyingi huhitaji mbegu zichanganywe na bakteria maalumu kabla ya kupandwa, na pale ambapo udongo una fosforasi haba, hata bakteria wazuri hufanya kazi kwa unyonge.

Je, kuvu zote zilizo kwenye mizizi ni ugonjwa?

La. Mimea mingi ya nchi kavu, migomba na mihogo ikiwemo, hushirikiana na kuvu ambazo nyuzi zake hutambaa mbali kuliko mizizi na kuuletea mmea fosforasi na maji, kwa malipo ya sukari. Kulimwalimwa kupita kiasi hukatakata nyuzi hizo.

Kwa nini uyoga fulani huota kwenye vichuguu tu?

Kwa sababu mchwa ndio waliopanda. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa tunavyoviona kando ya barabara na katikati ya mashamba ni wakulima, na walianza kilimo mamilioni ya miaka kabla binadamu hajashika jembe. Hukusanya nyasi, majani makavu na vipande vya miti, wakavila, na kinyesi chao wakakijengea masega ya kahawia ndani ya vyumba vya kichuguu. Juu ya masega hayo huota kuvu wa jenasi ya Termitomyces, ambaye huvunjavunja sehemu ngumu za mti ambazo tumbo la mchwa halizimudu. Mchwa hula masega yaliyokwisha kulainishwa na vidonge vyeupe vya kuvu. Kuvu naye hupata nyumba yenye joto na unyevu usiobadilikabadilika, chakula kinacholetwa hadi mdomoni, na wafanyakazi wanaong'oa kuvu wageni. Katika maumbile kuvu huyu haishi pasipo mchwa, na mchwa hawa hawaishi pasipo yeye.

Mvua zikinyesha, kuvu huchomoza nje na kuwa uyoga. Aina nyingine hupenya kutoka masegani kwa shina refu lililochongoka chini, na anayechimba kulifuata hufika kwenye sega lenyewe. Ule uyoga mdogomdogo mweupe unaotapakaa ardhini kama uliomwagwa, ambao Waganda huuita obutiko obubaala, huota juu ya vipande vya masega ambavyo mchwa wenyewe wamevitoa nje. Wenyeji waliufahamu uhusiano huu kwa macho yao zamani sana. Mama anayejua kichuguu chake hujua pia ni baada ya mvua ipi aende na kikapu, na Buganda ina ukoo mzima, Obutiko, ambao mwiko wake ni uyoga. Kwa hiyo anayebomoa kichuguu ili apate udongo wa matofali apime vizuri, kwani pamoja na udongo anaondoa kumbikumbi na uyoga wa miaka ijayo.

Ni kweli kwamba ndani ya tunda la mtini kuna wadudu?

Ni kweli, na pasipo wadudu hao mti usingekuwa na mbegu. Tunda la mitini, pamoja na lile la mutuba tunaoutumia kwa nguo ya magome, ni kama mfuko uliogeuzwa, maua yakawa ndani. Mlango wake ni tundu dogo lililozibwa kwa magamba. Nyigu jike mwenye urefu wa milimita moja au mbili hujipenyeza humo kwa nguvu nyingi, na mara nyingi mbawa zake hukatika njiani. Hatoki tena. Akiwa ndani hupaka chavua aliyokuja nayo kutoka kwenye mti aliozaliwa, hutaga mayai katika baadhi ya maua, kisha hufa. Maua yaliyopata yai huwa kitanda cha mtoto wa nyigu, na yaliyopata chavua tu hufanya mbegu. Watoto wakikomaa, madume, ambayo hayana mbawa, hutangulia kutoka, hupandana na majike, hutoboa njia ya kutokea, na kufa humohumo. Majike hutoka na chavua, nao wana siku moja au mbili tu za kuupata mtini mwingine wa aina yao ulio na matunda machanga.

Duniani kuna aina zaidi ya 700 za mitini, na kwa kawaida kila aina huwa na nyigu wake mmoja au wachache. Kwa kuwa nyigu huishi muda mfupi hivyo, lazima pawepo mti fulani wenye matunda machanga karibu kila wakati wa mwaka. Faida ya jambo hili haiishii kwa nyigu: katika misitu ya Budongo na Kibale, matunda mengine yanapoadimika, sokwe, nyani, popo na hondohondo huikimbilia mitini, na wao ndio hubeba mbegu zake.

Mutuba una habari yake ya pekee. Wakulima huupanda kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini, si kwa mbegu, na gome linapobanduliwa shina hufungwa kwa majani ya mgomba hadi lipone. Utengenezaji wa nguo hiyo, olubugo, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mutuba uliochomekwa kando ya migomba hauhitaji nyigu ili uishi, lakini matunda yake bado yanamhitaji.

Kahawa yangu inahitaji nyuki?

Ikiwa ni robusta, inahitaji chavua kutoka mti mwingine, iletwe na upepo au na nyuki. Robusta ni mzaliwa wa misitu yetu, na mti wake haujitungishi wenyewe, kwa hiyo chavua inayotua kwenye ua la mti uleule hailei punje. Ndiyo sababu anayejaza shamba zima kwa vipandikizi vya mti mzazi mmoja hushangaa kuona maua mengi na buni chache, na ndiyo sababu hushauriwa kuchanganya aina kadhaa. Arabika ya miteremko ya Elgon na Rwenzori hujitungisha, ingawa nyuki huisaidia pia. Maua ya kahawa hudumu siku chache tu baada ya mvua. Ukinyunyizia dawa ya wadudu siku hizo asubuhi nyuki wakiwa kazini, utakuwa umewafukuza vibarua siku ya mavuno.

Ndege aitwaye askari wa kifaru humsaidia kweli mnyama anayempanda?

Jibu la haki ni kwamba husaidia na hudhuru. Ndege huyu hula kupe, na hilo huonekana wazi kwa nyati na twiga wa hifadhi zetu. Lakini hupenda damu pia, na katika jaribio lililofanywa Zimbabwe kwa maksai na kuchapishwa mwaka 2000, ndege hao hawakupunguza kupe kwa kiasi cha kuonekana, na vidonda walivyovidonoa vilichelewa kupona. Kwa upande wa pili, utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaru mweusi mwenye ndege hawa mgongoni hutambua mapema zaidi kuwa mtu anamkaribia, kwa kuwa husikia mlio wao wa tahadhari. Jina la Kiswahili lilikuwa limesema hivyo tangu zamani.

Na yule ndege anayemsafisha mamba meno?

Habari hiyo iliandikwa na Herodoto wa Ugiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na imenakiliwa kitabu hadi kitabu. Hakuna uthibitisho wa kuaminika wa kisayansi. Mwalimu asiitumie kama mfano.

Je, kuna mnyama wa porini anayeshirikiana na binadamu kwa hiari?

Yupo ndege wa asali, kiongozi wa warina asali. Hujua mizinga ya porini ilipo lakini hawezi kuwakabili nyuki. Binadamu ana moto na shoka, lakini hajui mzinga uko mti gani. Basi ndege huja karibu na watu, hulia kwa mfululizo, huruka mti hadi mti akingoja afuatwe, na mzinga ukishapasuliwa hula nta na majana. Utafiti uliofanywa kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa mrinaji asiyeongozwa alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga, na aliyeongozwa saa 3.2. Wayao wa Msumbiji humwita kwa sauti maalumu, na katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, sauti hiyo ilipandisha uwezekano wa kupata mzinga kutoka asilimia 16 hadi 54 ikilinganishwa na sauti nyingine. Ndege huyu hafundishwi na wazazi wake, kwa kuwa hulelewa kwenye viota vya ndege wengine. Hata hivyo humjua mshirika wake. Mahali ambapo vijana hununua sukari dukani na hawaendi tena porini, huita pasipo kujibiwa.

Ng'ombe naye ana washirika?

Ng'ombe wa Ankole hana uwezo wake mwenyewe wa kumeng'enya nyasi. Katika tumbo lake la kwanza wamo bakteria, kuvu na vijidudu vingine wengi mno, ambao huchachusha nyasi, na ng'ombe huishi kwa mazao ya uchachushaji huo na kwa miili ya vijidudu wenyewe. Anayebadilisha malisho ghafla huwavuruga hao kabla ya kumvuruga ng'ombe, na ndiyo maana lishe mpya huanzishwa kidogokidogo kwa siku kadhaa.

Je, kila uhusiano wa kunufaishana una manufaa kwetu?

Hapana kabisa. Mbung'o hunywa damu peke yake, na damu haina vitamini B za kutosha. Anayemtengenezea ni bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayeishi katika sehemu maalumu ya utumbo wake na kurithishwa kwa mtoto kupitia maziwa, maana mbung'o hulea buu mmoja mmoja tumboni. Mbung'o aliyenyang'anywa bakteria huyu hazai. Huo ni ushirikiano kamili, nao ndio unaomtegemeza mdudu aliyeeneza malale kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Busoga, ambako kati ya mwaka 1900 na 1920 walikufa watu zaidi ya 200,000. Shambani mfano mdogo ni sisimizi wanaowalinda vidukari kwenye maharagwe ili walambe maji matamu yanayowatoka. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina, geuza majani utazame upande wa chini.

Uhusiano wa namna hii unaweza kuvunjika bila mshirika yeyote kuondoka?

Ndiyo. Katika nyanda za Laikipia, Kenya, mgunga wenye miiba iliyovimba huwapa sisimizi makao ndani ya miiba hiyo pamoja na mbochi, nao huushambulia mdomo wa twiga au mkonga wa tembo unaokuja kula majani. Watafiti walizungushia uzio sehemu ya miti wanyama wakubwa wasiifikie. Mtu angetarajia istawi. Baada ya miaka 10, kama walivyoeleza mwaka 2008, miti ilikuwa imepunguza makao na mbochi, walinzi wazuri wakadhoofika, na nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine wanaokaa katika matundu yaliyotobolewa na mbawakawa. Miti ikakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile iliyoliwa na tembo.

Mshirika mmoja akikosekana, nani hufanya kazi yake?

Waulize wakulima wa vanila wa Mukono, Kayunga au Bundibugyo. Vanila ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, na nyuki wanaoichavusha huko hawapo kwetu. Ua lake hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo, na ndani yake kuna utando unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu mkulima hupita mti kwa mti na kijiti chembamba, hupasua ua upande mmoja, hunyanyua utando, kisha husukuma chavua kwa kidole gumba hadi ishikamane. Ni sekunde chache kwa ua moja, na mkono uliozoea huyapitia maua mamia kabla ya jua kukolea. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Wengi wakatajirika kwa ugunduzi wake, naye akafa maskini mwaka 1880. Kila tunda la vanila linalouzwa Uganda ni mshahara wa kazi ambayo mahali pengine hufanywa na nyuki.

Je, misitu yetu ina miti iliyo katika hatari ya namna hiyo?

Mmoja unaojulikana vizuri ni Balanites wilsoniana, mti mrefu wa msitu wa Kibale. Tunda lake ni kubwa lenye harufu kali, na kokwa iliyomo ni kubwa kiasi kwamba sokwe na hondohondo hawaimezi. Tembo humeza. Kokwa iliyopita tumboni mwake huota vizuri zaidi, nayo hudondoshwa mbali, ndani ya samadi. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza tembo wa Uganda vibaya sana, na ingawa Kibale bado inao, iko misitu mingine ambayo miti hii imesimama lakini tembo hawapo. Humo matunda huiva msimu wake ukifika, huanguka chini ya mti mama na kuoza palepale, na miche michache inayochipua chini ya kivuli chake nadra sana hufikia kimo cha mtu.